Sindano za Jumatano

Mama Kliniki hakuwahi kumwaga kitu. Naanza na sentensi hiyo kwa kuwa, miongoni mwa zote ninazoweza kuandika juu yake, ni hiyo peke yake isiyohitaji tanbihi. Maji ya kuoshea mchele aliwapa kuku. Povu la kufulia alisugulia sakafu. Ukoko aliuanika juu ya bati, akautwanga, akaurudisha mezani siku ya tatu kwa jina jingine. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe zikawa mbili, na kwa kuwa nusu njiti mara nyingi huzimika kabla haijawasha chochote, alitumia nusu tatu kuwasha moto ambao jirani aliuwasha kwa njiti moja. Nilimwonyesha hesabu hiyo nikiwa darasa la sita. Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto mwenye upele.

"We mtoto unahesabu njiti," alisema. "Mimi nahesabu nia."

Kwa asiyemjua: alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji chetu, mtawala wa mizani, kadi na sindano za watoto wa chini ya miaka mitano, na mlango wake ulitazamana na wetu. Kamati ya maadili ya chuo ninachosomea shahada ya uzamili imenikataza kukitaja kijiji. Nitasema tu kwamba kiko kusini mwa Kilwa, njia ya kwenda Pande, na kwamba kila mtu wa Pande amekwisha kukitambua. Yeye pia simtaji, ingawa mwenyewe, kama itakavyoonekana, ana maoni yake juu ya jambo hilo.

Salamu yake ilikuwa na uchunguzi ndani yake. Ulimwamkia, "Shikamoo, Mama," naye akajibu, "Marahaba, huyo mtoto kapungua," ilhali mtoto mwenyewe yumo mgongoni, kafunikwa na khanga, haonekani hata kisigino. Mizani ilipomsikia Mama Kliniki ilikubali. Sikuwahi kuiona ikimpinga, na katika umri ule niliamini kwamba inamwogopa.

Kliniki ilikuwa Jumanne. Foleni ilianzia mlangoni ikaishia kwenye tangi la maji, na kila aliyekuwa ndani yake alijua kwamba habari zake za nyumbani zingejadiliwa hadharani. Nakumbuka mama mmoja aliyekosa kliniki mwezi uliotangulia.

"Ulikuwa wapi?"

"Msibani, Mama."

"Kafa nani?"

"Shemeji yake baba mdogo. Kule Likawage."

"Mwezi mzima mnamzika? Alikuwa na urefu gani?"

Foleni nzima iliangua kicheko, na mfiwa naye akacheka, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kutoka pale. Mwezi uliofuata alikuwa wa kwanza mlangoni. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya mbinu za kuwahamasisha wazazi kumaliza ratiba ya chanjo. Vina michoro yenye mishale na maneno ya upole. Hakuna hata kimoja kinachopendekeza dhihaka. Labda waandishi wake hawakuwahi kupanga foleni kwetu.

Nimpe haki yake. Wakati wa masika, barabara ya vitongojini ikigeuka tope, alikwenda kwa miguu kutoa huduma ya mkoba, kasha la baridi kichwani, viatu mkononi ili visichakae. Alijua mtoto gani yuko shamba gani, nani kahamia kwa bibi yake, nani anafichwa na babake kwa sababu ya maneno ya vijiweni. Babake huyo alifuatwa hadi kijiweni. Yaliyosemwa huko hayaandikiki, lakini mtoto alichanjwa jioni ile ile.

Kisha ukaja mwaka wa matubwitubwi. Watoto walivimba mashavu mmoja baada ya mwingine, wakapakwa masizi ya sufuria kuanzia sikioni hadi kidevuni kama ilivyo ada ya kwetu, na kijiji kikajaa wazee wadogo wenye ndevu nyeusi. Wazazi wakakusanya kadi za kliniki na kwenda zahanati kwa maandamano madogo, wakiongozwa na muuza samaki mmoja mwenye sauti kubwa. Nilikuwepo, mashavu yangu mwenyewe yalikuwa miongoni mwa vielelezo.

"Mama Kliniki," muuza samaki alianza, "hawa wote wamechanjwa. Na wote wamevimba. Chanjo yako haifanyi kazi."

"Chanjo ya nini?"

"Ya... ya kliniki."

"Soma kadi."

Akasoma, kwa taabu. "Surua na rubela."

"Matubwitubwi yako wapi hapo?"

Muuza samaki aliigeuza kadi akatazama nyuma yake.

"Umenunua chumvi," alisema Mama Kliniki, "halafu unakuja kunidai sukari."

"Kwani hiyo ya matubwitubwi ipo?"

"Ipo. Nchi nyingine wanaichanganya humu humu. Na huko pia, watu wakibanana mabwenini, wapo wanaovimba na chanjo yao mwilini, maana kinga nayo huchakaa. Lakini huvimba wachache, si kijiji kizima. Sisi hatujaletewa. Ikiletwa nitakuita wewe wa kwanza, nikuchome wewe. Haya, nendeni mkawafute watoto masizi, mmewafanya matako ya sufuria."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Nalisisitiza hilo kwa sababu usahihi ule ulimgharimu baadaye. Mtu akishinda ubishi mkubwa mara moja, mbele ya kijiji, kwa haki kabisa, huanza kudhani kwamba kushinda ni sehemu ya umbile lake, kama pua.

Siku hiyo hiyo alitoa pia msemo wake maarufu. Mtu mmoja alimuuliza kwa nini, surua inapotokea hapa na pale, wanaougua wengi huwa ni watoto waliochanjwa. Akajibu: "Wanaozama baharini wengi wanajua kuogelea. Asiyejua yuko pwani anakula muhogo." Maana yake ni kwamba pale ambapo karibu kila mtoto amechanjwa, hata wachache ambao chanjo haikuwashika wanaweza kuwazidi wagonjwa wasiochanjwa, kwa sababu wasiochanjwa ni haba. Wanafunzi wenzangu walihitaji muhula mzima kulielewa hilo. Niliuweka msemo katika sura ya pili ya tasnifu yangu. Msimamizi akauliza chanzo chake ni nini.

Sasa cheti. Kilining'inia sebuleni kwake, kimepigwa laminesheni, na kwa kuwa laminesheni ilibaki na ukingo mpana, aliukata ukingo ule akaufanya alama ya kusomea msahafu. Kilimpongeza kwa kutopoteza chanjo. Kila mwaka mkaguzi alikuja na gari, akafungua rejista, akapeleka kidole hadi safu iliyoandikwa *Upotevu*, na kila mwaka akakuta sifuri. Alizitazama sifuri zile kama mtu anayetazama mayai. Hakuwahi kuuliza zilitagwaje.

Nitaeleza, na nitajitahidi kuwa mfupi. Chanjo ya surua na rubela huja kama unga ndani ya kichupa, pamoja na maji yake. Kichupa cha kwetu kilikuwa cha watoto kumi. Kikishachanganywa kina saa sita za uhai, hata kikiwa ndani ya jokofu. Zikipita, kilichobaki kitupwe, awe amechomwa mtoto mmoja au tisa. Mama Kliniki hakuweza. Kwake hiyo ilikuwa israfu, na israfu alikuwa ameikimbia maisha yake yote. Basi kichupa cha mwisho cha Jumanne, kikibaki nusu, alikirudisha kwenye jokofu, akakifunika kwa pamba safi, na kuwaambia kina mama waliochelewa kutoka mashambani, "Njooni kesho asubuhi." Walikuja. Walimpenda kwa hilo. Zahanati nyingine, mama aliyechelewa aliambiwa arudi wiki ijayo wapatikane watoto kumi; kwetu alichomewa mwanawe Jumatano, kadi ikagongwa muhuri, kila mtu akaenda zake ameridhika. Kichupa kilicholala hivyo kinaweza kuota vijidudu na kumuua mtoto siku ile ile. Kwetu, kwa rehema za Mungu, hakuna aliyekufa. Iliyokuwa imekufa ni chanjo.

Hilo halikujulikana hadi surua ilipoingia mwaka jana. Mama Kliniki alikuwa amestaafu, na nafasi yake imechukuliwa na muuguzi kijana kutoka Nyangamara aliyefundishwa kazi naye kwa miezi sita. Watoto waliugua, kadi zikakusanywa, muuza samaki yule yule, sasa mwenye mvi, akaongoza maandamano hadi kibarazani kwa mstaafu. Naye, bila kuinuka, akawapa msemo wa wanaozama. Watu walicheka wakarudi makwao. Walikuwa na kumbukumbu ya mara ya kwanza, na kumbukumbu hiyo ilikuwa upande wake.

Dada yangu hakucheka. Anaishi kwenye mashamba ya korosho, mwendo wa saa mbili, na mwanawe wa kwanza alikuwa miongoni mwa waliougua. Surua ilimwacha hai, ikamwachia ukungu kwenye jicho la kushoto usioondoka.

"Wewe si umesomea haya?" aliniambia, akinitupia kadi mapajani. "Basi nisomee."

Nikasoma. Nikaomba kadi nyingine, na nyingine, mpaka nikawa na utafiti, na ruhusa ya kuufanya, na barua ya ruhusa kuhusu ruhusa. Kadi haziandiki siku ya wiki. Nilizigeuza tarehe zake moja moja kwa kalenda ya simu. Walioshikwa na surua ingawa wamechanjwa walikuwa, karibu wote, watoto wa Jumatano. Watoto wa Jumanne, waliokuwa wakicheza nao na kulala nao mkeka mmoja, walipita katikati ya ugonjwa kama waliovaa makoti ya mvua. Tarakimu zimo katika jedwali ambalo msimamizi wangu alilieleza kuwa "la kuvutia", neno linalotumika chuoni mahali ambapo watu wengine husema innalillahi.

Sikuamini. Niliwaza kwamba waliochelewa ni wa mashambani, na wa mashambani wana lishe duni, na lishe duni huidhoofisha kinga. Nikawagawa kwa kitongoji. Jumatano ikabaki. Niliwaza kwamba nyumba zao zina watu wengi. Nikawagawa kwa idadi ya watu nyumbani. Jumatano ikabaki. Mwanafunzi wa uzamili hupewa nafasi nyingi za kukosea, na nilizijaribu zote, kwa sababu mwanamke aliyekuwa upande wa pili wa jedwali lile ndiye aliyenifundisha kwamba chanjo inafanya kazi.

Nilikwenda zahanati siku ya Jumatano. Muuguzi alikuwa amemaliza kumchoma mtoto. Kichupa kiko mezani.

"Hiki kimefunguliwa lini?"

"Jana, dada."

"Na unakitumia?"

"Mama Kliniki kanifundisha. Na mkaguzi akija anataka sifuri."

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, uso umembadilika, kisha akasema jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote. "Leo hii naacha. Lakini mimi mgeni hapa. Na hawa niliokwisha kuwachoma, na wa kabla yangu? Nikiwaita warudi, watasema mtu wa kuja anamtukana Mama Kliniki. Hawatakuja. Kamwambie yeye kwanza."

Kisha akafungua rejista kunitafutia jambo jingine, na kidole chake kikapita juu ya jina la mtoto wa pili wa dada yangu, wa miezi kumi. Amechomwa wiki tatu zilizopita. Nilihesabu tarehe kwa simu, ingawa nilikwisha kujua. Kitongoji cha jirani kilikuwa na wagonjwa wapya wawili wiki ile.

Nilimkuta Mama Kliniki kibarazani, anabangua korosho. Nilikuwa na kompyuta mpakato, kurasa kumi na nne na utangulizi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, msomi. Umekonda. Kaa. Funga hilo dude, linakula umeme."

Nilianza na mipaka ya utafiti. Nilipofika kwenye lishe duni alinikata.

"Mwanangu, mimi nimewaambia wanawake maelfu kwamba watoto wao wana utapiamlo. Sikuwahi kuanza na utangulizi. Nani kafa?"

"Hakuna. Chanjo ya Jumatano, Mama. Ilikuwa imekufa."

Nyundo yake ndogo ilibaki hewani.

"Ilikuwa kwenye jokofu."

"Ndiyo, Mama."

"Ya polio, ya matone, tunaifungua, tunaiweka kwenye baridi, wiki hata nne. Hiyo nayo imekufa?"

"Ile ni maji tangu kiwandani. Hii ni unga. Ikishachanganywa, saa sita."

"Nani kasema?"

"Mlifundishwa. Semina ya Lindi. Jina lako limo kwenye orodha, na sahihi."

"Semina ile nilikaa toka asubuhi, mbele kabisa."

"Hili lilifundishwa mchana. Baada ya chakula."

Aliitazama korosho mkononi kama aliyesahau inavyofunguliwa.

"Baada ya chakula," alisema taratibu, "nilikuwa jikoni. Walitaka kumwaga pilau."

Nilitaka kucheka. Nadhani mtu mwingine yeyote kibarazani pale, na yeye mwenyewe siku nyingine yoyote, angecheka. Nikamwambia kwamba haikuwa kosa lake peke yake, kwamba mkaguzi alipaswa kuuliza, kwamba mfumo unaopongeza sifuri huzaa sifuri. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza kina mama wenye visingizio vya misiba.

"Humo umeniita nani?"

"Mtoa huduma A."

"A?"

"Kamati ya maadili, Mama. Kulinda faragha yako."

"Faragha yangu ina homa?" Aliweka nyundo chini. "Mama aliye huko mashambani, atajuaje kwamba mwanawe ni wa Jumatano? Utamwambia katafute A? Hiyo A haijui. Mimi ananijua. Andika jina langu."

"Siruhusiwi."

"Haya. Wewe endelea kutoruhusiwa." Akaanza kukusanya maganda. "Mdogo wake yule wa jicho, kachomwa lini?"

Nikamwambia.

Kwa siku tano alikwenda kitongoji kwa kitongoji, kwa bodaboda pale penye njia na kwa miguu pale pasipo na njia, akisema jambo moja mlango kwa mlango. Sikwenda naye, alinikataza, alisema nitatia utangulizi. Nilisikia kwamba katika nyumba moja mwanamume alimfungia mlango, naye akayasema yote kwa mlango.

Jumanne foleni ilipita tangi la maji. Wengine walikuja kumchanja mtoto, wengine kumtazama Mama Kliniki, na muuza samaki, ambaye hana mtoto mdogo, alikuja kwa haki ya historia. Mama Kliniki alisimama mbele yao kwa gauni la kawaida, si sare.

"Niliowachoma Jumatano, na aliowachoma huyu kwa mafunzo yangu, mkono wao hauna kitu," alisema. "Niliwapa maji. Sikujua. Nilitakiwa kujua. Leo wanarudiwa."

"Na mlivyotucheka?" muuza samaki aliuliza.

"Niliwacheka mimi. Huyu hakuwacheka."

Dada yangu alitoka katikati ya foleni, mtoto wa miezi kumi kiunoni, yule wa jicho kamshika khanga, akaenda moja kwa moja hadi mezani. Hakumwamkia.

"Nataka kuona kinafunguliwa."

Mama Kliniki alichukua kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, unga mkavu chini ndani yake, kifuniko hakijaguswa. Akampa dada yangu akishike. Dada alikigeuza, akakirudisha. Muuguzi akakifungua, akachanganya, akaandika saa juu yake kwa kalamu, akamchoma mtoto. Mtoto akalia. Dada akapokea kadi, akaisoma yote, akasogea pembeni.

Aliyefuata alikuwa binti mdogo, mgeni machoni kwangu, na mtoto wake kwenye ziwa.

"Na mimi nataka kuona kinafunguliwa."

"Kimefunguliwa sasa hivi, dada, mbele yako," alisema muuguzi. "Ni cha watoto kumi. Saa hiyo hapo."

"Nilikuwa nanyonyesha. Sikuona."

Muuguzi alimtazama Mama Kliniki, na mimi nikamtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuweza kukisia atasema nini.

"Fungua kingine," alisema.

"Mama, hiki kina dozi tisa."

"Nimesikia. Hajaona. Mfungulie kingine."